Mume Wangu na Fyekeo la Vinyundo

Mume wangu Pankrasi hajawahi kuchagua kitu maishani mwake. Nasema hivi bila kumsengenya, kwa sababu hata yeye mwenyewe ukimuuliza atakujibu, "Ni kweli. Au unaonaje, Mama Adela?" Yaani hata ukweli wake anataka nimchagulie mimi.

Alipozaliwa, padri alifungua kalenda akakuta siku hiyo ni ya Mtakatifu Pankrasi, mambo yakaishia hapo. Shule alipelekwa na baba yake. Kazi alipangiwa na chama cha ushirika, na nyumba tuliyoanzia maisha tulipewa funguo zake kabla hatujaiona. Hata mke alichaguliwa. Shangazi yake Walburga alimsimamisha nje ya kanisa, akamwonyesha wasichana wawili waliokuwa wanatoka misa, mimi na Benigna, akamwambia, haya, sema. Pankrasi akatazama, akatazama tena, akasema, "Wote wazuri, shangazi." Shangazi Walburga hakuwa mtu wa kupoteza muda juani. Alininyooshea kidole mimi, akasema, "Huyu," na nadhani ni kwa sababu nilikuwa nimesimama karibu zaidi.

Habari hiyo alinisimulia shangazi mwenyewe siku ya ubatizo wa Adela, mtoto wetu wa kwanza, huku anacheka mpaka anafuta machozi kwa kanga. Mimi sikucheka. Tangu siku hiyo nimeishi nikijua kwamba niliingia nyumba hii kwa kidole cha shangazi, na kila tukigombana na Pankrasi nalirudia neno hilo.

Kazini alikuwa mtunza ghala wa ushirika, hapa hapa Songea mjini, na kazi hiyo ilimfaa kweli. Miaka ile ya foleni hakukuwa na cha kuchagua. Likija gari la sabuni, watu wanapanga foleni ya sabuni hata kama wamekuja kutafuta chumvi. Vikija viatu, vinakuja vya namba moja tu. Mwenye mguu mdogo anatia matambara, mwenye mguu mkubwa anatoboa mbele vidole vipate hewa. Pankrasi alisimama nyuma ya kaunta na kalamu yake sikioni, akasema, "Kilichopo ndicho hiki." Watu wakamshukuru. Alijifunza jambo moja tu katika miaka ile yote, kwamba kitu kikiharibika hakina spea, kwa hiyo bora kile kisichoharibika, hata kama hakikufai.

Halafu biashara zikafunguliwa. Wenye maduka wakaleta kila kitu, ushirika ukalegea, wafanyakazi wakapunguzwa, na Pankrasi akaambiwa kwamba fedha za kumuaga hazipo lakini kuna trekta dogo la bluu lililokuwa likivuta tela la mbolea, alichukue. Akalichukua. Angefanya nini, wakati kilichopo ndicho kile?

Sasa niseme habari ya miti, maana bila miti hiyo nisingejua hata hayo mafyekeo ya trekta yanafananaje.

Nyuma ya nyumba yetu ya Mjimwema ardhi inapanda kwenda mlimani, na kwenye mteremko huo nina miti ya paini. Nasema nina, siyo tuna. Miche niliichukua kwenye kitalu cha misheni, nikaibeba kichwani ndani ya karai, Adela yuko mgongoni, na kiangazi cha kwanza niliimwagilia kwa ndoo, mche mmoja mmoja, wakati mwenzangu yuko ghalani anagawa sabuni. Sasa Adela ameolewa Mbinga na paini zimenipita urefu mara nyingi. Hizo ndizo pensheni yangu. Mtu wa ushirika alipewa trekta. Mimi hakuna atakayenipa kitu, ila miti ile.

Kati ya miti na mlima kuna ukanda wa nyasi, na mlima huo kila mwaka huwashwa moto. Anayewasha hajulikani. Ukiuliza wa huku, watakwambia ni wa kule, wanawinda panya; ukiuliza wa kule, watakwambia wa huku ndio wanaopenda panya. Lakini miaka yote moto ulikuwa hautusumbui, na mimi nilidhani ni kwa maombi. Kumbe ni kwa sababu ya nyasi. Zilikuwa nyasi nzuri za kuezekea, ndefu kuliko mtu, na kila mwaka baada ya mavuno akina mama wa jumuiya yetu walikuja na miundu, wakaimba, wakakata, wakabeba matita kwenda kuezeka nyumba zao. Moto ukishuka unakuta ardhi tupu, unazimika.

Bati zilipojaa madukani hakuna aliyerudi. Nani aezeke nyasi wakati jirani yake anang'aa? Nyasi zikakaa, zikalala, zikaota nyingine juu yake, na mwaka juzi moto uliposhuka ulipita katikati na kula safu zote za juu za paini zangu. Nilisimama na tawi la mti mkononi nikipiga moto na kulia. Shina linalopasuka kwa moto lina mlio wake, na sitaki kuusikia tena.

Ndipo nikasema, tuna trekta, tutafute fyekeo la kufungwa nyuma yake, tufyeke ukanda ule mwezi wa tano wakati nyasi bado mbichi. Wazo lilikuwa langu. Kosa langu ni kwamba nilimwachia Pankrasi kazi ya kuchagua.

Fyekeo lilikuwa kwa Iddi. Iddi ni Myao wa Tunduru aliyepata bahati kidogo kwenye mawe ya vito, akawa na akili ya kuondoka kabla bahati haijageuka, akaja kufungua duka hapa mjini, Msamala. Mbele anauza sukari, betri na mitumba. Nyuma, uani, anauza mashine kuukuu za Kijapani zinazoletwa na lori kutoka Dar. Tulikwenda wakati wa mahindi mabichi, wote wawili. Ulikuwa mwaka wa tisini na sita.

"Shikamoo mzee. Shikamoo mama," alisema Iddi. "Karibuni sana. Hapa kwangu hakuna foleni. Mashine hizo hapo tatu, chagueni."

Mume wangu alivua kofia, akaivaa tena.

Iddi alieleza vizuri, sitamsingizia. La kwanza lilikuwa fyekeo la mapanga mawili makubwa yanayozunguka bapa kama feni. "Hili ni zito," alisema. "Trekta lako likilinyanyua, mzee, magurudumu ya mbele yatatazama mbinguni." Mengine mawili yalikuwa ya namna moja. Chini ya mfuniko wa bati kuna shafti iliyolala, na kwenye shafti kumening'inizwa vyuma vingi vidogo vidogo; ikizunguka vinatawanyika na kusaga nyasi papo hapo. Tofauti ni kwamba moja lilikuwa na visu vyembamba na jingine lilikuwa na vinyundo.

"La vinyundo ni kwa ajili ya vichaka na visiki," alisema Iddi. "Vizito, vinataka trekta lenye nguvu. Kwa nyasi zako na kwa trekta lako dogo, wallahi, chukua la visu. Na upana wake umezidi magurudumu yako kidogo, kwa hiyo nyasi utakazokanyaga litazikata zote nyuma yako."

"Tumeelewa," nikasema. "La visu."

"Tusikimbilie, Mama Adela," alisema Pankrasi. "Haraka haraka haina baraka." Akainama, akachungulia chini ya mfuniko kama mtu anayetafuta kuku aliyeatamia. "Visu hivi vikiisha, tunapata wapi vingine?"

"Dar vipo. Naagiza, vinakuja na basi."

"Na Dar vikiisha?"

"Vinatoka Japani, mzee."

"Na Japani vikiisha?"

Iddi akanitazama mimi. Mimi nikatazama ukuta.

Tukarudi nyumbani bila kitu. Kesho yake Pankrasi akakumbuka kwamba hakupima. Akaenda Msamala na kamba ya katani, akapima upana wa fyekeo la visu akafunga fundo, akapima la vinyundo akafunga fundo jingine, akarudi kulinganisha na trekta. Mvua ikamfukuza kabla hajalinganisha, akaitundika kamba kwenye msumari jikoni. Jioni wakaja wageni kutoka Mbinga na kuku, nikahitaji kamba ya kumfunga kuku miguu, nikaichukua ile na kufungua mafundo yake. Mnajua alichofanya? Hakunigombeza. Alisema labda ni ishara kwamba vipimo vya mwanzo havikuwa sawa, akaanza upya, na furaha juu.

Halafu akaanza kuuliza watu. Aliuliza fundi wa magari, fundi akasema la mapanga. Aliuliza bwana shamba, mtu wa Bukoba aliyehamishiwa kwetu, bwana shamba akasema la visu. Aliuliza paroko baada ya misa, paroko akasema yeye anajua roho za watu, siyo mashine. Alimuuliza hata Benigna! Benigna ambaye angekuwa mke wake kama angesimama hatua moja mbele, alikutana naye sokoni akamuuliza eti yeye angechagua lipi. Benigna akamjibu, "Kamuulize shangazi yako." Alinisimulia hilo Benigna mwenyewe, tukacheka, kisha nikakasirika tena.

Mahindi yakakomaa, yakakauka, tukavuna. Mwezi wa tano ukapita na nyasi zake mbichi. Pankrasi alikuwa anaoga, anavaa koti, anakwenda Msamala, anakaa uani kwa Iddi anatazama mafyekeo. Iddi kwa heshima akamwekea kigoda. Wateja wapya wakadhani duka limeajiri mlinzi, wakawa wanamwachia baiskeli zao. Naye alizilinda.

"Pankrasi," nilimwambia siku moja, "mchagua jembe si mkulima."

"Ndiyo maana nachagua fyekeo," akanijibu, tena kwa upole, siyo kwa dharau. Ungekuwa wewe ungefanyaje na mtu kama huyo?

Nikachukua mundu. Baridi ya mwezi wa saba ilikuwa imeshika, asubuhi mikono inakufa ganzi, lakini nilianza kukata nyasi zile mwenyewe kwenye mwisho wa ukanda ulio upande wa nyumba, nikazifunga matita na kuezekea upya banda la nguruwe. Kidogo kidogo nikapata kipande cha ardhi tupu, kama uwanja wa kuanikia mahindi, kisha kama viwili. Pankrasi alikuja akasimama pembeni akiwa ameshika kofia.

"Unajichosha bure. Mashine inakuja."

"Inakuja kutoka wapi? Iko Msamala! Nguruwe wako wanaweza kwenda kwa miguu na kurudi!"

"Subiri kidogo tu, Mama Adela."

Mgongo uliniuma, nikaacha. Ngoja ngoja huumiza matumbo, lakini nilishazoea. Tumbo langu limeumia tangu siku ya harusi.

Mwezi wa nane mkulima mmoja wa kahawa alinunua lile la mapanga. Nilimshukuru Mungu, nikasema sasa yamebaki mawili, na moja Iddi mwenyewe ameshasema halitufai. Hata Pankrasi hapa hawezi kupotea. Lakini yeye alirudi nyumbani amenyong'onyea. "Unajua," alisema wakati wa kula, "huenda lile ndilo lilikuwa zuri." Nikaondoa mboga mezani, nikaenda nayo jikoni.

Mwishowe nilifunga nguo zangu kwenye kitambaa, nikaziweka mlangoni. Nikamwambia, ama leo unakuja na fyekeo, ama mimi napanda gari la Mbinga nakwenda kukaa kwa Adela, na miti ikiungua utakuwa mwenyewe wa kuisikiliza. Alivaa koti haraka. Mchana nikasikia trekta linapanda kilima cha Mjimwema, linalia kama limebeba mlima, nikatoka mbio na moyo wangu umefurahi kweli, sifichi. Nikaenda nyuma nikainama kuchungulia chini ya mfuniko.

Vinyundo.

"Baba Adela," nikasema.

"Kisu kinavunjika," alisema, na uso wake uling'aa kama wa mtu aliyefaulu mtihani. "Nyundo haivunjiki. Hata nchi ikirudi kwenye foleni, hata basi likikatika, hata Japani yenyewe ikifunga, sisi tuna nyundo."

Iddi alimkatalia, nilikuja kusikia baadaye. Alimwambia mara tatu, mzee hilo litakuchoshea trekta, akamwapia. Haikusaidia. Miaka yote niliyodhani ushirika umekufa, kumbe mume wangu alikuwa bado amesimama nyuma ya kaunta yake, anasubiri gari ambalo halitakuja. Watu wa pwani husema mchagua nazi hupata koroma. Sisi Songea nazi tunaziona sokoni tu, lakini siku hiyo nilionja koroma.

Hata hapo hakuanza kazi. Kwanza paroko aliibariki mashine. Kisha turubai likatafutwa la kuifunika isipigwe na jua. Ilipofika siku ya kufyeka tulikuwa mwezi wa tisa, upepo wa mchana umeanza, na nyasi zile ukizigusa zinalia kama karatasi.

"Nyasi zimekauka sana," nikamwambia. "Tuache mashine. Tutafute watu na miundu, wabebe kabisa."

"Tumeshanunua," alisema. Basi, na mimi nilikuwa nimechoka kubishana. Nilitaka tu ule ukanda uwe mtupu.

Akapanda trekta. Kabla hajaondoa breki akanigeukia. "Kuna mawe humo," akasema. "Tangulia mbele uyaokote, vinyundo visije vikachakaa."

Mimi, mke wa ndoa, bibi wa wajukuu, nikachukua karai nikaenda mbele ya trekta kuokota mawe ili nyundo isiumie. Mmewahi kusikia nyundo inayoogopa jiwe? Nilitembea ndani ya nyasi zilizonipita kichwa nikipapasa kwa miguu. Nyuma yangu trekta linaunguruma na kukohoa, linakwenda mwendo wa kobe kwa uzito ule. Kushoto kwangu paini zangu. Kulia, chini ya mlima, kuna njia pana ya mkokoteni, nyeupe kwa vumbi. Mbele kabisa, mbali kidogo, kile kipande nilichokata kwa mundu.

Kwa kweli ilifyeka. Nitasema haki. Nyasi ziliingia ndefu zikatoka zimesagika, na ardhi nyuma ya trekta ilipendeza. Ila zile zilizosagika zilibaki pale pale, zimetandikwa kama pumba, na nyasi za pembeni zilisimama kavu zikitazama. Nikawaza, hata hivi moto utapita. Nikawaza nitamwambia jioni, sasa hivi hasikii.

Jiwe nililoliacha sikuliona. Nilisikia mlio mkali, paa! halafu mwingine, kama mtu anagonga reli. Nikageuka nimuone kama amesimama. Hakusimama, alikuwa ameinua mkono, ananionyesha kidole na kukunja uso, yaani jiwe lile ulilirukaje. Na nyuma ya mgongo wake, cheche zilipoangukia kwenye nyasi zilizosagika, niliona moshi mdogo mweupe unasimama.

Nilipiga kelele. Akadhani ninajitetea. Nikatupa karai, nikapunga mikono yote miwili, nikaonyesha nyuma yake. Upepo ulikuwa unavuma kutoka huko kuja kwangu, na ule moshi ukainama, ukawa mwekundu chini, na nyasi zikaanza kulia zote kwa pamoja. Pankrasi akageuka, akaona.

Sasa sikilizeni vizuri. Mahali alipokuwa, njia ya mkokoteni ilikuwa hapo hapo kulia kwake. Angekata usukani tu, angetoka na trekta lake na fyekeo lake, vyote vizima. Mimi nilikuwa mbele, katikati ya nyasi, sioni njia wala miti, naona moto tu unakuja juu ya vichwa vya nyasi.

Aliruka. Mzee yule, mwenye goti bovu, aliruka kutoka kwenye kiti trekta likiwa bado linatembea lenyewe, na akaja kwangu akipasua nyasi kwa mikono na kifua. Sikuwahi kumuona akikimbia, hata siku za foleni ghala lilipovamiwa. Alinishika mkono nikahisi mifupa inasagana. Na kisha, moto uko nyuma yetu, moshi umetuingia kooni, mume wangu akasimama.

"Tupite kulia au kushoto?" akauliza.

Yesu na Maria. Sikumjibu. Nilimvuta mbele, moja kwa moja, kuelekea kile kipande changu cha mundu, tukikimbia tumeshikana kama watoto, tukatokeza kwenye ardhi tupu na tukaanguka wote wawili kifudifudi. Moto ulifika ukingoni pale, ukatafuta cha kula, ukakosa.

Majirani walikuja na matawi. Akina mama wa jumuiya walikuja pia, wale wale wa nyasi, na Benigna akiwa mbele, wakapiga moto upande wa miti mpaka ukalala. Safu za kando ziliungua. Zilizobaki zote ziko, nimezigusa mti mmoja mmoja. Trekta lilisimama lenyewe lilipogonga kichuguu, na moto ukalikuta hapo, ukala matairi, kiti, mabomba, kila kisicho chuma. Vinyundo havikuvunjika. Pankrasi alisema kweli kuhusu hilo.

Kesho yake Iddi alikuja kutupa pole, na kilo ya sukari kwenye mfuko. Akaenda juu kutazama, akarudi akakaa, akatikisa kichwa.

"Poleni sana. Alhamdulillahi mmepona," alisema. "Lakini mzee wangu, nisamehe, pale kulia si kuna njia? Ungeligeuza tu usukani, mashine yote ingepona. Hukuiona njia?"

"Niliiona," alisema Pankrasi.

"Sasa?"

Pankrasi akatazama mikono yake iliyokuwa imefungwa bandeji. Nikajua sasa atasema au unaonaje, Mama Adela. Hakusema.

"Sikufikiria," akasema.

Nikainuka, nikasema nakwenda kuangalia chai. Jikoni nilikaa juu ya kinu nikalia, nikijificha uso kwa kanga, nimekasirika na sijui namkasirikia nani. Mtu huyu alikaa juu ya kigoda tangu mahindi mabichi mpaka upepo wa mwezi wa tisa akifikiria fyekeo. Alifikiria Dar, akafikiria Japani, akafikiria foleni za miaka iliyopita na foleni zisizokuja. Siku alipowekwa kati yangu na mashine yake, hakuwa na shangazi pembeni wala paroko, na hakufikiria hata kidogo. Tangu hapo neno la kidole sijalirudia, na yeye ameliona hilo, ingawa hatujalizungumza.

Msinidhanie nimelainika. Nyasi zimeota tena. Mwaka huu tumekubaliana tutakata kwa mikono, mimi na akina mama wa jumuiya, sote pamoja, wao wachukue matita wakaezekee mabanda, maana bati za mabanda hawana. Kilichopungua ni mundu mmoja. Asubuhi nimemtuma Pankrasi kwa Iddi akaununue. Mundu mmoja tu. Jua sasa linazama nyuma ya paini na hajarudi, na Benigna aliyepita hapa ametoka Msamala amenieleza kwamba Iddi ameleta miundu ya aina mbili, na kwamba mume wangu amekaa kwenye kigoda.

Ugali wake nimeufunika.